Nani Akae Karibu na Mlango?

Msichana alisimama kizingitini, akanyoosha shingo kutazama ndani, kisha akasema, "Nitarudi."

Kama umewahi kuuza kitu chochote Nairobi, hiyo nitarudi unaijua. Haina siku wala saa. Ni adabu tu, namna ya kumnyima mtu pesa bila kumnyima heshima. Kaka yangu akamjibu, "Sawa, karibu tena," akarudi kwenye simu yake. Alikuwa ameketi pale anapoketi siku zote, kwenye meza iliyo hatua moja kutoka mlangoni, mgongo ukutani, miguu imefunga nusu ya njia. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimekalia furushi la mitumba, napanga sketi kwa saizi. Kutoka kule nyuma msichana alionekana kama picha ndogo ndani ya fremu ya mwanga. Nikajiuliza yeye ameona nini akitazama upande wangu.

Sketi alikuwa ameipenda, hilo nililiona. Aliishika, akaigeuza, akavuta lastiki ya kiuno, akauliza bei na hata hakubishana. Kilichomrudisha nje ni sentensi moja ya kaka yangu, ambayo aliisema kwa ukarimu mtupu: "Ingia tu ujaribu, kioo kiko huko ndani."

Duka lenyewe liko Kianda, ule upande wa Kibera ulio karibu na Olympic, kwenye kichochoro kinachoshuka kutoka barabara ya lami. Upana ni futi 6 na nusu. Kwenda ndani ni futi 23. Zamani vilikuwa vyumba viwili vya kumi kwa kumi, kimoja mgongoni mwa kingine, na veranda ya futi 3 mbele. Mwenye ploti alivunja ukuta wa kati, akapiga mwingine wa mabati kwa urefu, kile kipande chembamba akampa jamaa wa M-Pesa na kutengeneza simu, na hiki kilichobaki akampangisha kaka yangu. Kama umewahi kupenya kwenye zile ekzibisheni za River Road unaijua hesabu hii. Mlango ndio pesa, kwa hivyo kila mpangaji apewe kipande cha mlango, halafu kina ajipangie mwenyewe.

Mimi nimesomea usanifu wa ndani, diploma ya miaka miwili, na kaka yangu alikuwa ameniita kwa kazi moja. "Siste, nifanyie hii kitu ikae poa. Watu waingie." Nikaja na futi ya kupimia na simu iliyojaa picha za maduka ya ng'ambo. Masharti ya chumba chembamba nilikuwa nayo kichwani: rangi nyeupe, kioo kikubwa, taa zinazomulika ukuta badala ya sakafu, bidhaa upande mmoja ili njia ipumue. Masharti hayo ni ya kweli na mengi tuliyafuata. Lakini msichana yule hakuwa amekimbia rangi.

Hebu pima duka kwa mwili wake. Kuna mwanaume asiyemjua mlangoni. Akishampita, mwanaume huyo yuko kati yake na nje. Anatembea hatua nane kwenda gizani, anafika kwenye leso iliyotundikwa kwa misumari miwili, na nyuma ya leso hiyo anatakiwa avue sketi ya shule. Mabati huku, mabati kule. Redio ya jirani wa simu iko juu kabisa. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nyuma nimezungukwa na nguo, pengine hakuniona. Mwanamke yeyote wa Nairobi hufanya hesabu hii kwa sekunde mbili, bila kujua kwamba anaifanya, na jibu likitoka vibaya anasema nitarudi.

Nilipomweleza kaka yangu alikasirika. "Kwani unaniona mimi ni mtu wa hivyo?"

Si mtu wa hivyo. Ni mpole kupita kiasi, ndiye aliyenilea mathe akiwa kazini. Nilitumia nusu saa kumhakikishia kwamba namwamini, na ndipo nikagundua tunazungumza mambo mawili tofauti. Yeye alikuwa anatetea roho yake. Mimi nilikuwa nalalamikia meza.

Kuna muuza duka mmoja maarufu katika historia ya falsafa, na hana jina. Immanuel Kant, Mjerumani aliyeishi karibu maisha yake yote katika mji wa Königsberg, alimtumia kama mfano katika kitabu kidogo cha maadili alichokitoa mwaka 1785. Muuzaji huyu ana bei moja kwa watu wote. Hata mtoto akitumwa dukani peke yake hapunjwi. Kant anauliza: kwa nini hampunji? Kama ni kwa sababu jina likiharibika wateja watahama, basi amefanya jambo sahihi, lakini hajalifanya kwa kuwa ni wajibu. Amejifanyia hesabu ya faida. Kwa Kant, hapo hakuna sifa ya kumpa.

Nilimsimulia kaka yangu tukinywa chai. Akauliza, "Huyo Kant alikuwa analipa kodi ya nyumba kweli?" Alikuwa analipa. Alinunua nyumba yake mwaka 1783, anakaribia miaka 60. Kabla ya hapo alikuwa mpangaji kama sisi.

Swali la Kant linamhusu kila mtu anayebuni duka la kukaribisha watu, na sisi wa kazi hii tunalikwepa. Tunapaka rangi, tunaweka taa ya joto, tunatafuta kiti kizuri, kisha tunaita ukarimu. Lakini tumeufanya ili mtu atoe pesa. Je, ni ukarimu au ni ndoano? Rafiki yangu mmoja wa chuo anasema ni ndoano, tuache unafiki. Siwezi kukubaliana naye kabisa. Kant aliutazama moyo wa muuzaji, na moyo ni mahali pazuri pa kutazama kama wewe ni Mungu au ni muuzaji mwenyewe. Msichana aliye mlangoni hana njia ya kuuona. Anachoona ni mlango uko umbali gani na nani amekaa katikati. Tena moyo hubadilika. Kuna siku kaka yangu ana hasira, kuna siku ana homa, kuna siku amemwachia duka binamu ambaye hata mimi simjui vizuri. Meza ikiwekwa mahali pake, itamlinda msichana siku hizo zote. Nikaanza kufikiri kwamba kuna wema unaoweza kuwekwa ndani ya mbao, ukabaki hapo hata mwenye duka asipokuwepo.

Lakini uiweke wapi?

Nilipokwama nilirudi kwenye daftari la chuo, kwenye somo ambalo nililala nusu yake: nyumba za mawe za Lamu. Nilikuwa nimekumbuka jambo moja tu, kwamba vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba kwa sababu ya miti. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki upana wa zaidi ya mita tatu hivi bila kulegea. Kwa hivyo mafundi wa Lamu waliishi na tatizo letu kwa mamia ya miaka. (Na sisi je? Bati refu la kawaida pale kwa duka la vifaa ni mita 3, ambazo ni kama futi 10. Kumi kwa kumi ya Kibera nayo imepimwa na kile kinachouzwa, si na mwili wa mtu anayelala humo.)

Walifanya nini na wembamba huo? Walipanga vyumba kimoja nyuma ya kingine. Unaanza na daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Kisha tekani, kijipito kinachopinda ili macho ya mpita njia yasiingie moja kwa moja. Kisha kiwanda, ua ulio wazi juu, unaoleta mwanga. Kisha msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho kabisa ndani. Ukuta wa kule mwisho ulichongwa zidaka, vishubaka vya plasta vya kuwekea vyombo vya thamani, hadi ukuta wenyewe ukaonekana una kina. Wafanyabiashara wa Kyoto, Japani, nao waliishi kwenye nyumba nyembamba na ndefu hivi, zikaitwa kitanda cha mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Duka mbele, familia nyuma, na katikati bustani ndogo ya kuingiza mwanga.

Kilichonishika kwenye ramani ya Lamu ni mwendo wake. Kina cha nyumba kilikuwa kipimo cha kuaminiana. Mtu wa shughuli ndogo alimalizana na mwenyeji pale pale dakani, wamekaa, na hakuna aliyeona ametukanwa. Aliyezoeleka zaidi alisogea zaidi. Kufika ndani kulichukua miaka, au ndoa. Nasi tunamwambia msichana ambaye hata jina lake hatulijui apite daka, tekani, kiwanda na misana yote kwa dakika moja, na tukimwona anasita tunasema ni mteja mgumu.

Na kule Lamu, ni nani aliyekaa kwenye kina? Wenye nyumba. Mgeni ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Lugha yenyewe inajua, manake karibu ni karibu, neno moja kwa kukaribishwa na kwa kutokuwa mbali. Hata duka, neno lililotoka kwenye dukkan ya Kiarabu, lilikuwa na maana ya benchi la kujengwa, la watu kukalia, sambamba na maana ya mahali pa kuuzia. Nililipenda hilo zaidi ya nilivyopaswa, na kama utakavyoona, liliniponza.

Kabla sijafika huko, nisiwasahau majirani. Mtu wa nje akitembea Kianda ataona maduka ya vyakula yamefungwa kwa grili za chuma, kidirisha kidogo cha kupitishia mkono, na atahurumia. Ataona hakuna ukarimu. Miaka kumi baada ya muuzaji wake, mwaka 1795, Kant huyo huyo aliandika kwamba ukarimu kwa mgeni ni haki: haki ya kutotendewa kama adui kwa sababu tu umefika mahali pa mtu mwingine. Ukilishika hilo kwa ukali, grili ni tusi. Inamchukulia kila anayekuja kama mwizi mpaka atakapothibitisha vingine.

Lakini walioona maduka yakivunjwa na kuchomwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 hawana haja ya mawaidha kutoka kwangu. Na grili ina ukarimu wake. Pale kidirishani unasimama nje, miguu yako iko huru, na unaweza kuomba mafuta ya kumi, sukari ya kumi, majani ya tano, bila kuingia popote wala kutazamwa toka juu hadi chini. Unalipa, unaenda. Hakuna aliyekuzunguka. Nimeona watu wenye shilingi kumi wakihudumiwa kwenye grili kwa heshima ambayo hawangeipata kwenye duka lililopambwa na mtu kama mimi.

Kwa mfano, Kawangware. Shangazi yangu alialikwa na rafiki yake akaone duka jipya la vipodozi, jembamba kama letu, lililowekwa vigae vyeupe toka mlangoni hadi mwisho, taa kila mahali. Ilikuwa Aprili, unajua matope ya Aprili. Shangazi alifika mlangoni akavua viatu. Akasimama pale na soksi, viatu mkononi, mama wa miaka hamsini na kitu, hajui aingie au arudi. Hakuna aliyemwambia avue. Sakafu ndiyo iliyomwambia. Mwenye duka alikimbia kuja kumsihi avae, lakini hapo lililokuwa limesemwa lilikuwa limeshasemwa.

Kwa hivyo Kianda tulianza na sakafu. Simenti ya kawaida, tukatia ile poda nyekundu, tukaisugua. Inaficha matope na haijifanyi chochote. Nguo zote zikahamia ukuta mmoja. Ukuta wa pili ukaachwa mtupu, rangi nyeupe, ili watu wawili wapishane bila kugusana. Ukiwa mwanamke unayepanda matatu kila siku unajua kwa nini nilipigania hizo inchi.

Giza lilitusumbua. Mtu hufuata mwanga, na kwetu mwanga wote ulikuwa mlangoni, kwa hivyo kina kilikuwa kama koo. Stima ni ya kubahatisha. Tukaanza na chupa, ule ujanja wa Alfredo Moser, fundi wa Brazil aliyeugundua mwaka 2002: chupa ya plastiki, maji, jiki kidogo ya kuzuia ukijani, unaitoboza kwenye bati nusu nje nusu ndani, na mchana jua likiwaka inatoa mwanga kama wa balbu. Tatu zilitosha kuamsha nusu ya nyuma. Baadaye tukabadilisha bati moja tukaweka la plastiki linalopitisha mwanga. Mwenye ploti alipita siku hiyo, akatazama juu, akasema, "Mmefanya vizuri sana." Mwezi uliofuata kodi ikapanda kwa shilingi mia tano. Hilo nalo lilipaswa kuwa kwenye somo la chuo: ukipamba nyumba ya mtu, unampambia yeye.

Kisha meza. Tuliibeba wawili, tukaipeleka kule mwisho kabisa, futi ya 23, chini ya bati la mwanga. Kaka yangu akakaa pale, uso kwa mlango. Mahali pa kujaribia nguo tukapajenga mbele, hatua mbili toka kizingitini, kijichumba cha plaiwudi chenye mlango wa kweli, komeo kwa ndani, na nafasi chini inayoonyesha miguu ili mwingine asisukume. Kaka yangu alinitazama kama nimerukwa na akili. Futi nne za kwanza ndizo zinazouza, kila mwenye duka atakuambia, ndiko unatundika kamera, zile za kwanza kuchaguliwa. Nimezichukua nikazifanya choo, ndivyo alivyosema.

Lakini sasa mteja ndiye aliyekuwa na mlango, na kaka yangu ndiye aliyekuwa kwenye mwisho wa koo. Hilo ndilo nililotaka. Katika chumba chembamba na kirefu kuna watu wawili na mlango mmoja, na lazima mmoja awe mbali nao. Ukitaka kujua duka linamkaribisha nani, tazama ni nani amepewa umbali huo. Nilidhani nimemaliza.

Halafu nikaongeza benchi. Nimeshasema neno dukkan liliniponza. Nilitaka daka letu, mbao ya futi 6 chini ya veranda, watu wapumzike, duka lirudi kwa maana yake. Wiki ya kwanza ilijaa. Ilijaa vijana wa bodaboda, watoto wazuri tu, wanasubiri abiria, wanapiga stori, wanacheka. Wasichana wakaanza kupita upande ule mwingine wa kichochoro. Nilikuwa nimetoa macho mawili mlangoni nikaweka kumi na mawili. Ningekumbuka mapema kwamba baraza nyingi za pwani pia ni za wanaume. Nilikuwa nimesoma ramani nikasahau kuuliza wanawake walipita wapi.

Hatukuwafukuza. Tuliikata benchi ikawa ya watu wawili, na kaka yangu akamwomba mama wa mandazi, ambaye alikuwa akiuza kwenye jua mita chache kutoka pale, ahamie chini ya veranda na jiko lake. Hakumtoza kitu. Yeye ndiye anayeamua nani anakaa, na anaamua kwa jicho moja tu. Mwanamke akikaa mlangoni, mlango unabadilika, sijui niseme vipi. Hasara ni kwamba nguo zote za mbele sasa zinanukia mafuta ya mandazi, na kuna mteja aliyerudisha blauzi.

Mwezi wa pili jaketi ya jinzi ikaibiwa. Kaka yangu aliinunua Gikomba saa kumi na moja alfajiri, kamera yenyewe, amepigania na watu. Jamaa aliingia, akaishika, akatazama kule mwisho, akaona umbali, akatoka mbio. Futi 23 za samani na watu ni mbali sana ukiwa unamkimbiza mtu. Mama wa mandazi alipiga mayowe, lakini ukishafika kona ya pili huku kwetu umepotea.

Jioni hiyo hakunigombeza, na ningependelea angenigombeza. Aliuliza tu, "Wewe umepoteza nini?"

Sikuwa na jibu, na bado nalizunguka swali hilo. Mimi ndiye niliyehamisha hatari kutoka kwa msichana hadi kwake, nikaiita maadili, kisha nikapanda matatu nikarudi kwangu. Nilikuwa karimu kwa kutumia mgongo wa mtu mwingine. Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, na watu huisoma ile nusu ya kwanza kwa sauti na ya pili kwa kunong'ona. Mwenyeji apone. Kama mgeni akija mwenyeji anafilisika, hiyo methali haikukusudiwa wewe. Kodi imepanda, jaketi imekwenda, na akifunga duka hakutakuwa na mlango wowote wa msichana yeyote kukaa karibu nao.

Lakini pia siwezi kurudi kusema kwamba meza irudi pale ilipokuwa. Hasara ya jaketi inaonekana, ina bei, unaiandika kwenye daftari. Hasara ya nitarudi haiandikwi. Hakuna anayejua wangapi walisimama kizingitini, wakapima, wakaondoka. Na hata kama wote wangenunua kwingine na kaka yangu asipate hasara yoyote, bado kulikuwa na jambo baya pale ambalo halikuwa la pesa. Msichana aliogopa mahali ambapo hakupaswa kuogopa, na sisi tulikuwa na uwezo wa kulibadilisha kwa kubeba meza. Hapo Kant na mimi tunapatana: kuna mambo unayafanya hata daftari likikataa. Tunachobishania ni nani alipe, na kiasi gani, na kama mtu ambaye halipi ana haki ya kusema.

Tulipatana kwenye futi ya 14. Meza sasa iko karibu katikati, imeegeshwa kwenye ukuta mtupu, nyembamba zaidi kuliko ile ya kwanza, na kiti kimegeuzwa ubavu ili miguu isifunge njia. Kule mwisho tumepanga nguo za watoto, kwa sababu anayezitafuta huwa hayuko peke yake. Jaketi zinatundikwa nyuma ya meza. Si suluhisho ambalo ningeliweka kwenye kazi ya mtihani. Kaka yangu anasema mwaka kesho tutapima tena.

Kuna kitu kimoja sikukibuni mimi. Sijui kilianza lini. Mwanamke akiingia peke yake na kuchukua nguo ya kujaribu, kaka yangu huinuka mezani, hupita upande wake bila kusema neno, hutoka nje, hununua mandazi. Husimama pale na mama wa mandazi mpaka komeo lilie. Mandazi anayokula kwa siku sasa ni mengi kuliko yanavyomfaa.

Juzi nilimkuta hapo mvua ikimnyeshea, nusu ya bega iko nje ya veranda, mandazi mkononi, na duka zima, pamoja na pesa kwenye droo, liko na mtu ambaye hata sura yake hajaiangalia vizuri.

"Na akitoka na kitu?" nikamuuliza.

"Atapitia wapi?" akasema. "Si mimi ndio niko karibu na mlango."